Chui waliopigwa picha tu

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kutoa kadi kwenye kamera zilizofungwa mitini, hatua chache kutoka paja la kongoni lililoanza kunuka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani Itigi nasubiri matokeo. Mjomba wangu, traka, yaani msoma nyayo, wa miaka mingi kwenye vitalu vya uwindaji vya Rungwa, aliniombea nafasi kambini kwa sababu mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wateja, alitaka kijana "anayejua kompyuta". Kujua kwenyewe kulikuwa kufungua faili na kulifunga. Nikapewa laptopu yenye ufa kwenye kioo, mfuko wa betri na kofia ya kampuni ambayo sitaitaja, nikapanda nyuma ya Land Cruiser pamoja na mjomba.

Ambaye hajawahi kuona uwindaji wa chui hudhani watu wanazunguka na gari mpaka wamwone. Wangezunguka msimu mzima. Nyati utamfuata kwa nyayo, simba pia unaweza, lakini chui unamwalika. Unatafuta mti kando ya korongo la mchanga, ulioegemea kidogo ili apande bila shida, wenye tawi nene la kulalia, na nyuma ya tawi hilo kuwe na anga tupu upande wa magharibi. Hilo la anga ndilo linalowashinda wageni. Chui huja jua likishazama, dakika chache kabla giza halijafunga, na sheria ya wakati ule haikuruhusu kuwinda usiku. Usipomwona kama kivuli juu ya anga jekundu, hutamwona kabisa. Nyama inafungwa kwa waya au mnyororo, maana kamba ataikata aondoke na paja zima. Inafunikwa matawi tumbusi wasiione, halafu utumbo unafungwa nyuma ya gari na kuburuzwa kilomita mbili tatu ili harufu iwe njia. Mita 60 hivi kutoka hapo kinajengwa kibanda cha nyasi cha kuvizia. Kisha mnakwenda kutega kingine. Sisi tulikuwa na vyambo 12 kwa wakati mmoja, na kila asubuhi tulivipitia vyote kama mrina asali anavyopitia mizinga yake.

Kabla ya kamera, habari zote zilikuwa ardhini. Mjomba aliinama, akaweka vidole vinne juu ya unyayo, akaangalia gome lilivyokwaruzwa, akaangalia nyama imeliwa kuanzia wapi, akasema: dume, mzito, alikuja peke yake, hakukaa. Kamera zilipoletwa hakuzipenda. "Hii inakupa sura," aliniambia, "tabia haikupi." Lakini usiku, jenereta likishawashwa na mimi nikichomeka kadi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuta ndoo, kuigeuza na kuikalia.

Picha 300 za tawi linalotikiswa na upepo. Fisi amesimama kwa miguu miwili kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Kanu. Nyegere. Tumbusi wamejaa mpaka chambo hakionekani. Halafu, katikati ya takataka hizo, macho mawili meupe na mgongo mrefu juu ya tawi, na kambi nzima inanyamaza.

Mjomba alikuwa amewapa majina. Sikio, jike mwenye pengo kwenye sikio la kulia, aliyekuja na mtoto mmoja mara tatu. Mchoyo, dume kijana aliyekuwa akikalia nyama hata akishiba. Na dume mmoja mzee, shingo nene, ngozi imelegea kooni kama ya fahali, alimwita Mkuu wa Wilaya kwa sababu alichelewa kufika, na akifika wengine wote wanatawanyika.

Nilifungua faili la kila mmoja bila kutumwa na mtu. Madoa ya chui ni kama alama za vidole: hakuna wawili wanaofanana, na hata ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Hilo la pili lilinitesa. Kamera ilikuwa moja kwa kila mti, kwa hiyo chui aliyeonyesha ubavu wa kulia leo sikuweza kumlinganisha na aliyeonyesha wa kushoto juzi. Hata hivyo msimu ulipokwisha nilikuwa na mafaili 14, ambayo mimi na mjomba tulibishana mpaka tukakubaliana kuwa ni chui 14 tofauti katika kitalu kimoja. Waliopigwa risasi walikuwa 2.

Siku ya kufunga kambi niliambiwa nifute. Diski imejaa, mwakani kutakuwa na picha nyingine. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nilibonyeza mwenyewe. Kadi moja tu ilibaki mfukoni mwa koti langu kwa kusahaulika, na hiyo ninayo mpaka leo.

Miaka ilipita kabla sijaelewa nilifuta nini.

Ukiuliza Afrika ina chui wangapi, namba iliyotajwa kuliko zote ni 700,000. Ilitolewa mwaka 1988 na watafiti wawili, Martin na de Meulenaer, katika kazi iliyofanywa kwa ajili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na haikutokana na kuhesabu chui. Ilitokana na mvua. Walichukua uhusiano kati ya mvua na wingi wa chui katika maeneo machache yaliyokuwa na takwimu, wakautandaza juu ya ramani ya bara zima kusini mwa Sahara, kana kwamba kila panaponyesha vya kutosha chui yupo na swala wa kumlisha wapo. Wataalamu wengi waliipinga. Lakini namba ikishazaliwa ina miguu yake.

Chui yupo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES tangu mkataba ulipoanza kutumika mwaka 1975, yaani ngozi yake hairuhusiwi kuuzwa kibiashara kati ya nchi na nchi. Nyara ya mwindaji ikapewa mlango wake wa pembeni. Mwaka 1983, kwenye mkutano wa Gaborone, nchi 7 ziligawiwa chui 460 kwa mwaka, na Tanzania ikapata 60. Mgao wetu ukapandishwa baadaye, na mwaka 2002 kule Santiago ukafika 500. Nyara zinazosafirishwa huwa chini ya hapo, sawa. Ila mwaka ule wa 2002 hakuna mtu aliyekuwa amewahesabu chui wa Tanzania nzima, kama ambavyo hakuna aliyewahesabu mwaka 1983. Mwaka 2016 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikamweka chui kwenye kundi la wanyama walio hatarini, na uchunguzi uliotoka mwaka huohuo ukakadiria kwamba barani Afrika amepoteza kati ya asilimia 48 na 67 ya maeneo aliyokuwa akiishi zamani.

Njia inayoaminika leo ya kumhesabu ni hizohizo kamera, ila zikiwa jozi, moja kila upande wa njia ili bavu zote mbili zipatikane, zikatandazwa kwa mpangilio na kuachwa kwa wiki nyingi. Kazi hiyo imefanyika Udzungwa, imefanyika Ruaha na Rungwa. Ni kazi nzuri, na ni ghali. Gari, mafuta, betri, posho za askari, kamera zinazokanyagwa na tembo. Mtafiti anafunika kipande kimoja cha pori kwa msimu mmoja, anakwenda kuandika, na kurudi kwake kunategemea mfadhili.

Wakati huohuo, kila msimu wa uwindaji, kuanzia Julai, kamera za wawindaji zinafungwa tena kwenye miti ileile, ndani ya vitalu vyenye mbung'o ambako mtalii wa kawaida hakanyagi na mtafiti hafiki. Mafuta yamelipwa na mteja. Betri zimelipwa na mteja. Najua hoja ya wanasayansi: chambo kinavuta, kwa hiyo huwezi kukitumia kuhesabu kana kwamba chui walipita wenyewe. Ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo msimu mmoja wa utafiti hauwezi kukupa na miaka 10 ya vyambo inaweza: kumjua chui mmojammoja tangu alipokuwa mtoto nyuma ya mama yake mpaka ngozi inapolegea kooni. Ukimwona Sikio na mtoto mwaka huu, miaka 7 baadaye huhitaji kukisia umri wa yule mtoto. Unaujua.

Nani atazikusanya picha hizo? Kampuni moja haitampa mtu. Picha ya dume mkubwa ni tangazo la biashara, na jirani wa kitalu cha pili ni mshindani ambaye chui hajui mpaka wake. Serikali ikiamuru, itapewa zile inazozitaka. Mimi naona penye nafasi ya kazi hii ni kwenye chama, kwa sababu hapo washindani wanakaa meza moja na wanaogopana.

Vyama vya wawindaji si jambo jipya kwetu. Kile cha Afrika Mashariki kilianzishwa Nairobi mwaka 1934, chama cha wazungu, kikiwa na kanuni zake za nani apige nini na asipige akiwa wapi, na kilikufa mwaka 1977 Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Siku hizi Tanzania tuna TAHOA, cha kampuni za uwindaji wa kitalii, na TPHA, cha wawindaji bingwa wenyewe. Namibia wana NAPHA tangu 1974, Afrika Kusini wana PHASA na vingine vilivyozaliwa baadaye. Ukisoma taarifa za vyama vya namna hii utakuta maneno mengi juu ya fedha: wametoa kiasi gani kwa ulinzi wa pori, visima vingapi, madawati mangapi. Madawati ni mazuri. Ila kwa habari ya chui, fedha ndiyo kitu rahisi kuliko vyote ambacho chama kinaweza kutoa.

Namibia ndiko ambako mambo yalikwenda mbele kidogo. Chui wao wengi hawaishi hifadhini, wanaishi kwenye mashamba ya watu binafsi yenye ng'ombe na kondoo, na mfugaji aliyepoteza ndama hasubiri kikao. Mwaka 2004, Bangkok, mgao wao ulipanda kutoka 100 hadi 250. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulikadiria chui 14,154. Mwaka 2017 ikaanza sensa nyingine, wizara na NAPHA wakiwa pamoja na mtafiti Louisa Richmond-Coggan, na ripoti ya mwaka 2019 ikatoka na chui 11,733. Namba hizi mbili si za kutoa moja kwenye nyingine, kwa kuwa mbinu zilitofautiana. Kinachonivutia mimi ni kwamba chama kilishiriki kazi ambayo jibu lake lilikuja dogo kuliko lile la kwanza, na jibu likachapishwa. Mganga hajigangi, tunasema. Mwindaji naye hawezi kujihesabia chui peke yake, na pale alikaa na wizara na mtu wa sayansi.

Afrika Kusini ni habari nyingine. Januari 2016 serikali ilitangaza mgao wa chui kuwa sifuri, baada ya mamlaka yake ya kisayansi kusema kwamba idadi ya chui nchini haijulikani na uwindaji unaosimamiwa ovyo ni hatari kwao. Mwaka 2017 ukawa sifuri tena. Mwaka 2018 ukarudi: chui 7 nchi nzima, madume tu, wenye miaka 7 na kuendelea. Kabla ya hapo walikuwa na ruhusa ya 150. Hakuna aliyethibitisha kwamba chui wameisha. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba wanatosha, na hilo lilitosha kufunga mlango. Miaka yote ile wawindaji walikuwa porini na chui, na siku ya kuulizwa kabati lilikuwa tupu. (Chama chao kikubwa, PHASA, kilikuwa na balaa lake jingine: Novemba 2017 kilikubali uwindaji wa simba wa kufugwa, wanachama wakakihama, na vyama vyenzake barani vikakikana. Ukishafika hapo, nani atakuamini ukileta takwimu za chui?)

Sasa nirudi Rungwa, kwa sababu kuna jambo nimelizunguka.

Chui wa pili msimu ule alipigwa siku ya mwisho ya mteja. Mteja alikuwa amekaa kibandani jioni sita bila kuona kitu. Mchana ule nilikuwa nimetoa kadi kwenye mti ule, na mjomba alikuwa ameitazama, akasema waziwazi mbele ya wote: dume anakuja hapa, lakini na jike anakuja, tusubiri tuone viungo. Kwa chui kuona viungo ndiyo kazi yenyewe. Simba ana manyoya ya shingo, hata mtoto atakuambia huyu baba. Chui dume na jike wamevaa nguo moja. Unatazama upana wa kichwa, unene wa shingo, na akiwa amesimama juu ya tawi unatafuta korodani kwenye mstari wa tumbo, dhidi ya lile anga jekundu nililolieleza. Kama humwoni vizuri, unamwacha ashibe aende.

Hawakumwacha. Tulisikia mlio mmoja tukiwa garini, kilomita kama moja. Walipomleta kambini, bandani kwa mchunaji, chini ya taa ya jenereta, mchunaji alimgeuza chali, akasimama na kisu mkononi. Mimi niliona sikio kwanza. Pengo, upande wa kulia. Chuchu zilikuwa bado zina maziwa.

Mwindaji bingwa alijaza karatasi zake kwenye meza ya kulia chakula. Sikuona alichoandika. Niliona mjomba amekwenda kusimama kwenye kiti cha mbele cha gari akipangusa kioo kilichokuwa safi.

Nilidhani ule ulikuwa mkosi wetu. Baadaye sana, nikiwa chuo, nilisoma kazi ya Spong, Hellborg na Creel iliyotoka mwaka 2000. Walichukua sampuli za chui 77 waliowindwa Tanzania kati ya 1995 na 1998, kipindi ambacho sheria iliruhusu madume peke yake, wakazipima kwa vinasaba. Asilimia 28.6 walikuwa majike. Piga hesabu: 22 kati ya 77. Nilifunga ukurasa, nikatoka nje kidogo.

Kwa hiyo picha peke yake si dawa. Sisi tulikuwa na picha ya Sikio, tena na mtoto wake, saa chache kabla ya risasi. Kilichokosekana ni macho ya mtu mwingine asiye na ndege ya kuwahi kesho yake. Chama kingeweza kuweka kanuni nyepesi: picha za chambo zipelekwe kabla ya mteja kuingia kibandani, fuvu na ngozi vipelekwe baada, na vyote vitazamwe na mtu asiye mwajiriwa wa kampuni. Kwa simba jambo la namna hii lipo tayari. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walionyesha, kwa takwimu za simba wa Tanzania, kwamba ukiwinda madume waliokwisha kukuza watoto wao huharibu kitu kidogo sana. Miaka 6 ikaingia kwenye kanuni zetu kama umri wa chini wa simba wa kuwindwa. Ng'ambo ya Ruvuma, hifadhi ya Niassa, Msumbiji, nyara za simba na za chui zimekuwa zikikaguliwa umri kila mwaka, na kwa simba kampuni inayopiga vijana inajikuta na mgao mdogo mwaka unaofuata.

Kwa chui umri unaotajwa ni 7. Sababu yake haipendezi kuisimulia. Dume akiuawa kijana, dume mwingine anaingia kwenye eneo lake na kuua watoto aliowakuta, ili mama zao wawe tayari kupandwa tena mapema. Sabi Sand, Afrika Kusini, ambako chui wamefuatiliwa kwa miaka mingi mpaka wanajulikana mmojammoja, mauaji ya namna hiyo ndiyo yaliyoonekana kuua watoto wa chui kuliko sababu nyingine yoyote. Ukipiga risasi moja huenda umeua watatu. Guy Balme na wenzake walipopima, mwaka 2012, ni dalili gani inayoweza kumwambia mwindaji umri wa dume kwa macho, ile iliyofanya vizuri ilikuwa ngozi iliyolegea kooni. Nilimpigia mjomba simu kumweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa hao wamesoma miaka mingapi," aliuliza, "kumjua Mkuu wa Wilaya?"

Kuna kikwazo ambacho chama hakiwezi kukivuka peke yake, nacho ni kitalu chenyewe ni cha nani na kwa muda gani. Kumwacha Mchoyo leo akiwa na miaka 3 ili nimpige akiwa na 7 ni akiba ya miaka 4. Nani anaweka akiba kwenye nyumba ya kupanga ambayo hajui kama mkataba utarudi? Packer na wenzake, mwaka 2011, walikuta kwamba vitalu vya Tanzania vilivyowindwa kwa nguvu zaidi ndivyo ambavyo mavuno ya simba na chui yalishuka haraka zaidi, na kwamba waliokaa muda mfupi ndio waliowinda kwa pupa. Miaka 5 baadaye Henry Brink na wenzake waliona jambo lilelile kwa simba wa Selous: kampuni zilizodumu kwenye kitalu kimoja kwa muda mrefu zilikuwa na kiasi. Mwaka 2017 serikali ilifuta vibali vya vitalu na kuhamia kwenye mnada. Mnada una faida zake, fedha inaonekana mchana. Lakini kama ningekuwa mwanachama wa TAHOA, ningeacha kuzungumzia bei kwa kikao kimoja nizungumzie miaka.

Na kama ningekuwa na kikao cha pili, ningeuliza matraka wako wapi. Mwanachama wa chama ni mwindaji bingwa. Jina kwenye makala ya utafiti ni la mtafiti. Mtu aliyejua kwamba Sikio ana mtoto, na kwamba dume wa mashariki havuki mto Mzombe mpaka maji yakauke, analipwa kwa msimu na kurudishwa kijijini Desemba, na akistaafu anaondoka na maktaba nzima kichwani. Mjomba hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye kalamu idadi ya chui aliowajua. Miaka 27.

Anayeona kwamba kumuua chui kwa starehe ni dhambi, hayo yote hayatamgeuza, wala sijaribu. Mimi mwenyewe, tangu usiku ule wa bandani, sijajua niko upande gani. Najua tu kwamba uwindaji upo, kamera zipo, na kwamba kila Desemba mahali fulani kuna kijana anayeambiwa diski imejaa.

Krismasi iliyopita nilikwenda Itigi na ile kadi. Nilikuwa nimeihamishia kwenye simu, picha 412. Mjomba macho yamepungua, akaishika simu mbali kama kioo cha kunyolea, anakuza picha kwa vidole viwili vilivyokakamaa. Nilimweleza kwamba nimempata mtafiti mmoja anayekusanya picha za zamani za chui wa pori letu, ila kuna tatizo: hakuna aliyekumbuka kurekebisha saa ya kamera msimu ule. Picha zote zinasema ni Januari mosi, saa sita usiku na dakika. Bila tarehe hazina kazi.

"Nani kasema hazina tarehe?" Akarudi kwenye picha ya kwanza. "Hii lori lilikuwa limekwama Mzombe, siku ile tulilala bila ugali. Tafuta hiyo siku. Hii ni kesho yake, unaona nyama bado mbichi. Hii hapa mteja wa kwanza ameshaondoka, kamera imesogezwa." Mama mkubwa akaleta chai. Mimi nikachana karatasi kutoka kwenye daftari la mtoto, nikaanza kuandika. Tulipofika picha ya 61, Sikio amegeuza kichwa kutazama kamera na nyuma yake kwenye giza kuna macho mengine mawili, madogo, chini kabisa. Mjomba aliikuza, akaipunguza, akaikuza tena.

"Huyu mtoto," alisema, "ilikuwa Jumanne. Endelea."